Mgonjwa ameniuliza: "Na mimi nimo?"

BARUA

Mchungaji, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mlezi wa kikundi cha Biblia cha wafanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba, karibu na Mwaloni. Tunakutana kila Alhamisi jioni baada ya kufunga mizigo. Tumechanganyika: wapo wa AIC (Africa Inland Church), wa KKKT (Walutheri), wa TAG (Wapentekoste), Waanglikana wawili, na akina mama watatu Wakatoliki. Miaka yote tumeelewana.

Mwaka huu amejiunga kijana aliyemaliza chuo cha Biblia. Anayajua Maandiko na hana dharau. Tulipofika Yohana 10 akasema Kristo aliutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, si kwa ajili ya kila mtu, na kwamba kumwambia asiyeamini "Kristo alikufa kwa ajili yako" ni kusema usichokijua. Akatoa mfano wa hapa hapa: mtu akikulipia deni la magunia ya dagaa, mwenye mali hawezi kukudai tena. Basi kama Yesu amelipa deni la watu wote, mbona wapo watakaohukumiwa? Wengine wakamjibu kwa 1 Yohana 2:2, inayotaja dhambi za ulimwengu wote. Mama mmoja akasema hayo ni mafundisho ya mashetani, akabeba Biblia yake akaondoka. Kaka mwingine naye akasema kwa hesabu hiyo ya deni, basi wote wataokoka na jehanamu haipo.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Jumamosi tunakwenda hospitali ya Bugando kuwaona wagonjwa. Jumamosi iliyopita mama mmoja mwenye saratani alinishika mkono akaniuliza: "Na mimi nimo? Alikufa kwa ajili yangu na mimi?" Maneno ya yule kijana yakanijia, nikakosa jibu, nikamwombea tu nikatoka. Jumamosi hii narudi. Nimwambie nini? Na kikundi nikifanyeje? Tumepanga semina ya pamoja kabla ya Pasaka, na sasa watu hata kusalimiana wanajilazimisha.

Mlezi, Kirumba

JIBU

Marahaba, mama. Ameni.

Jumamosi iko karibu kuliko semina, kwa hiyo tuanze na wodini.

Mwambie ndiyo. Mwambie hivi: "Ndiyo, mama, nawe umo. Kristo alikufa kwa ajili ya wenye dhambi, na anakuita wewe. Ukimjia, hatakutupa." Nasema hivyo kwa sababu nasadiki kwamba alikufa kwa ajili ya watu wote, na sababu zake nitazitaja. Lakini angalia sentensi mbili za mwisho za jibu hilo. Hizo hata kijana wako anaweza kuzisema kwa dhamiri safi, na ya mwisho imetoka moja kwa moja kwenye Yohana 6:37: "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Hakuna upande wowote wa mjadala huu, kwa wale wanaoshika Maandiko, unaosema kwamba mtu anaweza kumjia Kristo kwa imani akaambiwa damu haikumhusu. Mama yule hahitaji kusubiri mabishano yenu yaishe.

Ukifika, muulize muuguzi kama mgonjwa ana nguvu ya kuongea. Kaa usawa wa uso wake, usisimame miguuni pa kitanda. Soma mistari miwili tu, 1 Timotheo 1:15 na Yohana 6:37, polepole, kila mmoja mara mbili. Wa Timotheo unamalizika kwa maneno "ambao wa kwanza wao ni mimi". Msaidie aseme maneno hayo mwenyewe kama anaweza. Kisha sala fupi ya toba na ya kumkabidhi kwa Kristo. Dakika kumi zinatosha, kumi na tano ni nyingi. Mwandikie Yohana 6:37 kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mwachie karibu na mto. Kama ni Mkatoliki, muulize kama angependa padre aje, na kama ni wa kanisa lingine, mchungaji wake apigiwe simu.

Mambo matatu usiyafanye. Usimuulize kama ana hakika ni mteule, yaani aliyechaguliwa na Mungu aokolewe. Swali hilo humrudisha mtu kujichungulia moyoni wakati anatakiwa kumtazama Kristo. Calvin mwenyewe, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16 ambaye vijana wa msimamo ule humtaja sana, aliandika kwamba Kristo ndiye kioo cha kuutazamia uteule wetu, tusiutafute ndani yetu. Usimwahidi kwamba imani ikizidi saratani itaondoka. Na usimhadithie kwamba kuna ndugu kikundini anafundisha tofauti. Akikwambia dhambi zake ni nyingi mno, hapo hakuna mzozo kabisa. Thamani ya damu ya Kristo haina kikomo. Pande zote mbili zimekiri hivyo kwa maandishi.

Sasa kikundi. Mlichofanya Alhamisi ile ni kuchanganya maswali manne na kuyajibu kama moja: Damu inatosha kwa nani? Habari njema itangazwe kwa nani? Mwishoni ataokoka nani? Na Mungu alipomtoa Mwana, alikusudia nini hasa? Matatu ya kwanza, Wakalvini (wafuasi wa Calvin, wengi wao upande wa kijana) na Waarminio (wafuasi wa Arminius, wanaosema Kristo alikufa kwa wote) wanakubaliana kuliko watu wanavyodhani. Ugomvi wa kweli uko kwenye la nne.

Ushahidi upo kwenye kanuni zenyewe za upande wa kijana. Jacobus Arminius alifariki 1609 huko Uholanzi, na mwaka uliofuata, 1610, wafuasi wake walitoa vipengele vitano. Cha pili kilisema Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote na kila mtu, ila msamaha huufurahia aaminiye tu. Sinodi ya Dordrecht ya 1618 hadi 1619 ikawajibu, na sura ya pili ya Kanuni za Dort (jina fupi la Dordrecht) ndiyo inayohusu kifo cha Kristo. Kijana aifungue. Kifungu cha 3 kinasema kifo hicho kina thamani isiyo na kikomo, kinatosha tele kufidia dhambi za ulimwengu wote. Cha 5 kinaagiza ahadi ya Injili itangazwe kwa mataifa yote na watu wote bila ubaguzi, pamoja na amri ya kutubu na kuamini. Cha 6 kinasema wengi wanaoitwa wakapotea hawapotei kwa upungufu wa sadaka ya Kristo, bali kwa kosa lao wenyewe. Ni cha 8 ndicho kinachotofautisha: kwamba Mungu alikusudia kifo hicho kiwaokoe kwa hakika wateule, na kwamba imani yenyewe ni miongoni mwa vitu ambavyo Kristo aliwapatia kwa mauti yake.

Hapo ndipo fundo lilipo, mama: je, imani nayo ilinunuliwa msalabani kwa ajili ya watu fulani, au msalaba uliwafungulia wote mlango na imani ndiyo njia ya kupokea? Mkiweza kulifikisha kundi kwenye swali hilo, nusu ya kelele itaisha.

Ule mfano wa deni la magunia nao uchambueni vizuri, maana ndio uliomvuta kijana upande mmoja na kaka wa "jehanamu haipo" upande mwingine. Si wa kijana. John Owen wa Uingereza aliijenga hoja hii kwa ukali katikati ya karne ya 17: Kristo alibeba ama dhambi zote za watu wote, ama dhambi zote za baadhi ya watu, ama baadhi ya dhambi za watu wote. Ukisema la kwanza, mbona wote hawaokoki? Ukijibu ni kwa kutoamini, atakuuliza: kutoamini ni dhambi au si dhambi? Kama ni dhambi, aliibeba au hakuibeba? Msiidharau hoja hii, imewasumbua watu wenye akili sana.

Udhaifu wake uko hapa. Deni la pesa likilipwa Mwaloni, mdaiwa ameachiwa saa ile ile, awe anajua au hajui, awe anamshukuru mlipaji au anamtukana. Maandiko hayasemi hivyo juu ya msalaba. Waefeso 2:3, Paulo akijihesabu mwenyewe, anasema "tukawa kwa tabia yetu watoto wa hasira kama na hao wengine." Kristo alikuwa amekwisha kumfia Paulo, mteule huyu, na bado Paulo alikuwa chini ya hasira mpaka alipoamini. Kwa hiyo hata kwa mafundisho ya kijana, kati ya malipo na kuachiwa kuna nafasi, na imani ndiyo inayoijaza. Kama nafasi hiyo haimfanyi Mungu kuwa mdai wa mara mbili kwa Paulo, basi haimfanyi hivyo kwa yule asiyeamini hadi kufa. Kijana aliyesoma atajibu kwamba kwa Paulo nafasi ile ilikuwa lazima ijazwe, kwa sababu imani yake nayo ilikuwa imenunuliwa. Jibu hilo ni la haki. Ila mkifika hapo, mfano wa deni umeshaacha kuwa ushahidi. Mmerudi kwenye lile fundo, na litafunguliwa kwa maandiko.

Kwa nini mimi nasimama upande wa wote? Waebrania 2:9 inasema aliionja mauti "kwa ajili ya kila mtu". 1 Yohana 2:2 inatutaja sisi kwanza, kisha inakataa kuishia kwetu: "wala si kwa dhambi zetu tu, bali na kwa dhambi za ulimwengu wote", na waraka huo huo, 5:19, unatenganisha sisi na dunia yote inayokaa katika yule mwovu. 2 Petro 2:1 inawataja walimu wa uongo, watu wanaojiletea uharibifu, kwamba wanamkana "Bwana aliyewanunua". Mstari huu wa Petro ndio ninaouona mgumu kuliko yote kwa upande wa pili, ingawa wana maelezo yao. Halafu kuna 1 Wakorintho 15:3: Paulo anawakumbusha alichowatolea hapo mwanzo, kwamba "Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu". Aliwahubiri hayo walipokuwa bado hawajaamini. Kijana anaweza kukujibu kwamba katika hotuba za kitabu cha Matendo hakuna mtume aliyemwambia mtu mmoja mmoja asiyeamini "Kristo alikufa kwa ajili yako", na hapo anasema kweli. Walitangaza msamaha katika jina lake na kuwaita watu watubu.

Na yeye ana mistari ambayo upande wangu hauna ruhusa ya kuiruka. Yohana 10:26 inasema wapo wasiosadiki kwa sababu si kondoo wake. Yohana 17:9 inasema "siuombei ulimwengu". Mkifika hapo msiishie mstari wa 9. Someni hadi wa 20 na 21, ambapo Bwana anawaombea na watakaoamini baadaye, "ili ulimwengu upate kusadiki".

Wanakikundi wako wajue pia makanisa yao yanasemaje, kwa sababu wengi hubishana bila kujua kanisa lao lilishaamua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 605, inafundisha kwamba hakuna mwanadamu ambaye Kristo hakuteswa kwa ajili yake, na inanukuu mtaguso wa Quiercy wa mwaka 853, uliokaa baada ya mtawa Gottschalk kuhukumiwa kwa kufundisha kinyume. Papa Innocent wa Kumi mwaka 1653 alilaani tena fundisho la kukataa kwamba Kristo alikufa kwa wote. Walutheri wanafundisha kwa wote. Waanglikana wana kifungu cha 31 cha Vifungu 39, kinachotaja upatanisho kwa dhambi zote za ulimwengu wote. Wapentekoste kwa kawaida husema hivyo hivyo. Wa AIC wamuulize mchungaji wao. Na si kila Mkalvini yuko mahali pamoja na kijana: John Davenant alikuwa mjumbe wa Uingereza kwenye sinodi ile ile ya Dordrecht, akifundisha kwamba kwa namna fulani Kristo alikufa kwa wote, na alitia saini Kanuni. Moïse Amyraut wa Ufaransa alichapisha msimamo wa karibu na huo mwaka 1634. Kwa hiyo yule mama aliyesema "mafundisho ya mashetani" ametupa jiwe kwenye nyumba kubwa yenye watu wengi wacha Mungu, na kijana naye asidhani wanaompinga hawajasoma.

Semina ifanyeni Jumatatu, Jumanne na Jumatano za Wiki Takatifu, Alhamisi Kuu kila mtu awe kanisani kwake. Wiki hiyo inawafaa kwa sababu moja zaidi: Pasaka huja Jumapili inayofuata mwezi mpevu, na mnajua wenyewe kwenye mbalamwezi taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika na mizigo inapungua. Anzeni saa 12:30 jioni, mmalize saa 2:00 usiku, msizidishe hata kama mjadala umepamba moto.

Jumatatu msiguse swali la "kwa nani". Someni sadaka yenyewe ni nini: Walawi 16 yote, Isaya 53, Waebrania 9:11-14. Kuna jambo humo ambalo watu hulipita. Walawi 16:33 inasema upatanisho unafanywa kwa ajili ya watu wote wa mkutano. Lakini Walawi 23:29 inasema yule asiyejitesa nafsi siku ile ile atakatiliwa mbali na watu wake. Upatanisho umefanywa kwa ajili ya mkutano wote, na mtu ndani ya mkutano huo huo anapotea kwa kutojinyenyekeza. Upande wangu utashangilia hapo. Mwacheni kijana aseme la kwake: mkutano ule ulikuwa Israeli, si Misri wala Kanaani. Yote mawili yamo kwenye maandiko.

Jumanne aongoze kijana: Mathayo 1:21, Yohana 10:11-29, Matendo 20:28, Waefeso 5:25-27, Ufunuo 5:9. Wengine kazi yao ni kuuliza tu. Jumatano aongoze mwingine, Yohana 3:14-18, 1 Timotheo 2:1-6, na ile mistari niliyokwisha kuitaja, na kijana ndiye aulize. Sheria ni moja na uisimamie bila huruma: kabla ya kumpinga mwenzako, eleza msimamo wake mpaka yeye mwenyewe aseme "ndivyo". Asiposema hivyo, huna ruhusa ya kuendelea. Na kila mstari usomwe kwa sauti pamoja na aya nzima. Kinachoharibu semina za namna hii ni kurushiana mistari: mmoja anataja "wote", mwingine "wengi", vidole vinakimbia kwenye simu, na hakuna anayesoma kilichotangulia. Kwenye 1 Timotheo 2, kwa mfano, mstari wa 2 unataja wafalme na wenye mamlaka, ndiyo maana wengine husoma "wote" ya mstari wa 4 kuwa watu wa kila namna. Huwezi kuipima hoja hiyo kama umeanza kusoma mstari wa 4.

Ukiona sauti zinapanda, waeleze habari za wahubiri wawili wa Uingereza, John Wesley na George Whitefield. Mwaka 1739 Wesley alihubiri kwa ukali dhidi ya mafundisho ya uteule usio na sharti; Whitefield akamjibu kwa barua ya wazi. Waliumizana kweli. Whitefield, aliyeshika kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wateule, aliendelea kusimama uwanjani na kumwita kila aliyemsikia. Alipofariki 1770, mahubiri ya kumbukumbu yake London alihubiri Wesley, na hakuna aliyekuwa amebadili msimamo.

Mama aliyeondoka umfuate nyumbani kabla ya semina, usimpigie simu. Usimtake akubaliane na kijana. Mtake aombe radhi kwa neno "mashetani" tu. Kijana naye zungumza naye peke yake. Muulize kama yuko tayari kumwambia mtu yeyote, "Kristo aliyesulubiwa anakuita, ukimwamini hutapotea." Akisema ndiyo, anaweza kufundisha kikundini na kuhubiri popote pwani ya ziwa. Usimlazimishe kutumia maneno ambayo dhamiri yake inayakataa, naye asiwakataze ninyi mliyopewa na kanisa lenu. Akisita kuwaita watu wote, hapo ameliacha hata Dort, na umwambie hivyo kwa upole ukiwa umemfungulia kifungu cha 5.

Amebaki kaka wa "wote wataokoka". Yeye amesimama nje ya mjadala huu, kwa sababu pande zote mbili zinakataa hitimisho lake. Mathayo 25:46 na Yohana 3:36 ziko wazi. Jumatano mpe asome 2 Wakorintho 5:19, Mungu akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, kisha asome mstari wa 20: "twawaomba ninyi kwa ajili ya Kristo mpatanishwe na Mungu." Muulize Paulo anaomba nini kama kila mtu amekwisha kupatanishwa bila kuitika. Akitaka kuendelea na habari za jehanamu, mwambie atapangiwa siku yake baada ya Pasaka, na mchungaji wake awepo. Jioni tatu haziwezi kubeba na hilo.